Kuvusha Bunduki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 12 Mei

Nimeota tena. Kinanda kile cha kanisa kimewekwa barazani kwetu, mimi nimekikalia, nakanyaga pedali zake polepole, na ukungu unapanda kutoka mtoni kila ninapobonyeza. Nikibonyeza sauti nene, ukungu mzito. Nikibonyeza nyembamba, ukungu mwembamba kama shela ya bibi harusi. Watu wa Kentucky, kule ng'ambo, wametoka nje na kuvua kofia. Nikaamka. Mke wangu Oleta alikuwa ananisukuma, anasema nimempiga mateke tangu alipolala. Sikumpiga mateke. Nilikuwa nakanyaga pedali.

Sijui kupiga kinanda. Jambo dogo. Mtu hajifunzi kuogelea kabla ya kupata maji.

Kinanda kipo katika lile kanisa dogo la juu bondeni, linalofungwa kwa sababu waumini waliobaki ni wa ukoo mmoja na hawasemezani. Nilichungulia dirishani juzi. Mbao nyekundu, vitufe vya manjano kama meno ya farasi. Pembeni kimening'inizwa kibao: 412. Dola mia nne na kumi na mbili! Bei ya kutupa. Sina.

Lakini bunduki ninayo. Ile ya mitutu miwili aliyoniachia baba mkwe, mzee Truman, mtu ambaye hakuwahi kunitazama bila kuguna. Bunduki yenyewe ikining'inia ukutani naiona inaguna. Oleta hataki hata kuiona tangu ilipoanguka yenyewe ikavunja saa ya ukutani. Haikuwa na risasi. Ila saa ilikufa.

Na mnunuzi ninaye! Burl Stepp, rafiki yangu wa machimbo ya makaa, anayeishi ng'ambo ya mto. Nyumba yake inatazamana na yangu. Tunapungiana mikono kila asubuhi na kusengenyana kila jioni. Sungura wanammalizia kabichi. Nikampigia simu, nikamtajia bei: mia nne na kumi na mbili. Akakubali pale pale, akauliza tu hiyo kumi na mbili ya nini. Nikamwambia ni hesabu za kitaalamu.

Biashara imekwisha. Ni kuvuka daraja tu. Nasikia tayari muziki.

Jumanne, 13 Mei

Biashara haijaisha.

Oleta kanikuta naifuta bunduki vumbi. Akauliza naipeleka wapi. Nikamwambia. Akaweka chini kikombe, dalili mbaya. Akasema mimi ni mtu wa West Virginia na Burl ni mtu wa Kentucky, na mtu wa jimbo moja hamuuzii mtu wa jimbo jingine bunduki mkono kwa mkono. Ni sheria ya serikali kuu. Lazima ipite kwa mwenye leseni, fomu ijazwe, rekodi zichunguzwe, ndipo itoke.

Nikamwambia hapa nilipo naweza kurusha jiwe likaangukia kabichi za Burl.

"Jiwe rusha," akasema. "Bunduki peleka kwa Wilma. Mimi sitaki kukuletea mkate wa mahindi gerezani, mzee. Mkate wangu wenyewe huna shukrani nao."

Wilma Dotson. Ndiye pekee mwenye leseni ya silaha hapa karibu, baada ya yule wa upande wetu kuhamia Florida kufuata jua. Duka lake liko ng'ambo, anauza chambo, ndoano, soda na bunduki. Mwanamke mwadilifu. Tatizo lake ni moja: alikuwa mke wa Burl. Alifungasha akaondoka, na tangu siku hiyo Burl hajakanyaga dukani mle. Minyoo anachimba mwenyewe. Akipita pale na gari hugeuza uso upande wa pili wa barabara, ndiyo maana sanduku la barua la jirani yake Wilma limegongwa mara mbili.

Nikampigia Burl nikamweleza. Nikasikia anaburuta kiti na kukaa. Kisha akasema, "Estil, ndugu yangu, kwa Wilma siendi. Bora sungura wale kabichi, wakimaliza waingie ndani wale na kochi."

Nikaenda maktaba, wakanichapia fomu ile nijionee adui. Kurasa juu ya kurasa! Jina, mahali pa kuzaliwa, urefu, uzito. Je, wewe ni mkimbizi anayekwepa sheria? Nimejibu kwa penseli: hapana. Nimeiandika vizuri, kwa mkia mrefu. Penye uzito nimeandika uzito wa siku ya harusi yangu. Ndio ninaojitambua nao.

Lakini sijaridhika. Kwa nini karatasi ije kati ya marafiki wawili? Jioni nilikaa barazani nikitazama mto unavyojiendea bila haraka, jua likiwa limelala juu ya maji kama paka. Ndipo wazo likanijia. Mto una kingo mbili. Ukingo huu West Virginia, ukingo ule Kentucky. Na katikati?

Katikati ni maji. Maji hayana jimbo!

Jumatano, 14 Mei

Leo yalikuwa mazoezi. Mimi si mjinga. Bunduki imebaki ukutani. Nilichukua ufagio wa Oleta nikaufunga ndani ya blanketi, nikaingia kwenye mashua yangu ya bati asubuhi na mapema.

Ukungu! Sijawahi kuuona mzito hivyo macho yakiwa wazi. Hakuna mlima, hakuna daraja, hakuna majimbo. Nilipiga kasia taratibu nikajiona nimekufa na ninapelekwa mahali pazuri. Mashua ya Burl ikatokea kidogo kidogo: kwanza kofia, kisha pua, kisha Burl mwenyewe. Nikamkabidhi ufagio kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto kwa mchungaji abatizwe. Naye akanikabidhi bahasha yenye vipande vya gazeti. Bata mmoja akapita kati yetu. Machozi yalinilengalenga.

"Tumefanikiwa," nikanong'ona.

"Habari za asubuhi, wazee wangu," ukungu ukajibu.

Ilikuwa ni askari wa wanyamapori, binti mrefu anayeitwa Renita Chafin. Amesimama. Katikati ya mto, amesimama! Maji yanamfika kwenye vifundo vya buti. Mvua haijanyesha siku nyingi, na kumbe mashua zetu zote mbili zilikuwa zimekwama kwenye kokoto zamani, sisi tunadhani tunaelea.

Akauliza blanketini mna nini. Nikasema ufagio. Akafungua, akakuta ufagio. Nilimwona amesikitika kidogo. Akauliza tunafanya nini. Burl hajui kusema uongo, ni kilema alichozaliwa nacho. "Mazoezi, mama," akasema.

Ikabidi nieleze. Nikasema ni mfano tu. Tuseme mtu ana bunduki ya urithi. Tuseme rafiki yake, mtu safi kabisa, yuko jimbo la pili. Tuseme wakutane katikati, mahali pasipo pa mtu. Binti alinisikiliza hadi mwisho, adabu ya watu wa nyumbani. Kisha akasema, "Mzee wangu, sheria haiangalii mnaposimama. Inaangalia mnapoishi. Hata mkikutana mwezini, wewe ni wa huku, yeye ni wa kule, na mkifanya kweli nitakuja kuwachukua wote wawili, na nitalia njia nzima kwa sababu mnafanana na babu yangu."

Halafu akaandika onyo kwamba mashua yangu haina usajili wa mwaka huu.

Tukashuka, tukasukumana, kila mmoja akarudi kwake na suruali mbichi. Oleta ameuliza ufagio wake uko wapi. Uko Kentucky. Burl kaondoka nao.

Hata hivyo sina majonzi. Yule binti amenipa ufunguo bila kujua. Anapoishi! Basi Burl na aishi huku.

Alhamisi, 15 Mei

Burl amehamia West Virginia. Hema lake liko nyuma ya nyumba yetu, kati ya kamba ya kuanikia nguo na mtufaha. Amekuja na godoro, redio, na jogoo mmoja, kwa kuwa anasema mtu akihama bila mnyama hajahama.

Nikamwambia Oleta: huyu sasa ni mwenzetu, karatasi ya nini tena? Oleta akaichukua ile fomu yangu ya maktaba, akasoma maelezo ya nyuma, maandishi madogo ambayo mimi niliyaacha yawe pambo. Akasema kuishi ni kukaa kwa nia ya kufanya hapo ndipo kwako. Si kulala tu. Kulala hata kuku analala popote.

Nikamgeukia Burl nikamuuliza kama ana nia. Akasema anayo. Nikamuuliza ya mpaka lini. Akasema mpaka Jumapili, maana matetea wamebaki peke yao.

Oleta alipika maharagwe na vitunguu vya porini, na mkate wa mahindi. Burl alikula sahani tatu, akamsifu Oleta hata nikaona amezidisha. Baadaye tukakaa barazani. Alikuwa amesahau taa ya jikoni kwake, ikawa inawaka ng'ambo, na mwanga wake umeanguka mtoni mrefu kama utepe. Nikamwambia anamwaga umeme. Hakunisikia.

"Nyumba yangu ni nzuri hivi?" akasema. "Sijapata kuiona kutoka huku saa kama hizi. Tazama, Estil. Ungedhani kuna mtu anapika."

Nilikuwa naota kinanda kinavuka mto chenyewe, kimekanyaga maji kwa miguu yake minne.

Ijumaa, 16 Mei

Burl ameacha kuwa mtu wa West Virginia kabla ya kifungua kinywa.

Hakulala hata lepe. Anasema maisha yake yote akilala mto humwingia kwa sikio la kushoto, na hapa unamwingia kwa la kulia, akili yote imepinduka kama soksi. Nikamwambia angegeuza kichwa kikae penye miguu. Akasema alijaribu, ila jogoo alikuwa ameshapawahi.

Nilipandwa na hasira. Kinanda kitachukuliwa! Nikamwambia ukweli usoni, kwamba ni aibu mwanamume aliyefanya kazi chini ya mlima miaka yote ile, na mlima ukimdondokea mara mbili, kumwogopa mwanamke wa chambo.

Burl akaendelea kukunja hema. Alilikunja vizuri sana, pembe kwa pembe. Kisha akasema hamwogopi Wilma.

"Naogopa nikiingia, ainue kichwa aniambie kama anavyomwambia mpita njia yeyote, 'Nikusaidie nini?' Hilo tu. Akinambia hivyo, Estil, nitakufa pale pale juu ya ndoo za minyoo, na ninyi mtakuja kunizoa."

Nikaanza kumkusanyia vigingi vya hema. Si kawaida yangu. Ukungu ulikuwa unaondoka mtoni, na jogoo aliinamisha kichwa kama mtu aliyesikia habari za wakubwa.

Oleta alikuwa dirishani jikoni, anasikia kila kitu, kama siku zote. Akatoka na mkate umefungwa kitambaani, akamwekea Burl kwapani. "Shemeji," akamwambia, "nani kasema lazima aanze yeye kuongea? Mdomo na wewe unao. Umemaliza maharagwe yangu kwa mdomo huo huo."

Burl akaubana ule mkate vizuri. Kisha akasema basi, kesho atakwenda.

Ushawishi wangu umefaulu.

Jumamosi, 17 Mei

Bunduki tupu, ndani ya mfuko wake, nyuma ya pikapu. Nimevuka daraja kama raia mwema. Hakuna aliyepiga makofi.

Duka la Wilma linanuka mto, mpira na kahawa. Niliingia wa kwanza. Nikamwambia, "Shemeji, habari za siku nyingi."

"Usiniite shemeji, Estil Maynard. Ushemeji uliisha na hati ya talaka. Sema shida yako."

Nikatoa fomu yangu, nimeijaza yote, nikaiweka juu ya kaunta kwa fahari. Akaisoma. Akaniuliza hii ya nani. Nikasema yangu. Akasema muuzaji hajazi fomu. Anajaza anayeichukua bunduki. Mimi kazi yangu ni kumpa bunduki na kitambulisho, yeye aiandike kwenye daftari lake, nami nikae kwenye kiti kile na nisiguse kitu chochote.

Siku zote hizo! Ule mkia wa hapana! Uzito wa siku ya harusi!

Ndipo kengele ya mlango ikalia, Burl akaingia. Amenyoa. Amejikata mara tatu, na vipande vya karatasi vimebandikwa kidevuni. Kofia mkononi, anaizungusha kama usukani. Wilma akainua kichwa. Nikaona mdomo wake unaanza kufunguka. Nikafumba macho.

"NIMEKUJA KUJAZA FOMU!" Burl akapiga kelele, sauti ile ya chini ya ardhi, mashine zikiwa zinanguruma.

Samaki wa chambo tu wanazunguka kwenye tangi.

"Nakusikia, Burl," akasema Wilma. "Mashine zilikuwa kule machimboni. Hapa kuna minyoo tu."

Akampa kalamu. Burl akawa anasoma kila swali kwa sauti, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Anwani? "Pale pale," akasema, akimtazama Wilma. Wilma akasema karatasi haijui pale pale, aandike. Akaandika. Je, bunduki hii unajinunulia mwenyewe? Ndiyo. Je, wewe ni mkimbizi anayekwepa sheria?

Burl akaweka kalamu chini. "Sheria sijaikimbia," akasema. "Kuna mtu mmoja tu nimekuwa nikimkimbia. Na yeye ndiye aliyeondoka, kwa hiyo sijui hata nilikuwa nakimbilia wapi."

"Hilo halimo kwenye fomu, Burl," akasema Wilma. "Weka alama kwenye hapana." Lakini aligeuka akaanza kupanga paketi za ndoano ambazo zilikuwa zimepangwa tayari, akazipangua, akazipanga tena.

Kisha akapiga simu kwa hao wanaochunguza rekodi. Jibu: subiri. Si ndiyo, si hapana. Akina Stepp ni wengi milimani humu, na mmoja wao yuko wapi sijui alifanya nini sijui, lazima wawatenganishe. Siku kadhaa za kazi. Burl akauliza basi arudi kesho? Wilma akasema kesho Jumapili. Keshokutwa? Wilma akasema hawatakuwa wamejibu.

"Nitakuja kuuliza," akasema Burl.

Wilma alimtazama kidevu chenye karatasi. "Basi njoo uulize."

Mimi nilikuwa kwenye kiti karibu na tangi. Wale samaki wanazunguka, wanazunguka, fedha tupu. Nikaona kinanda kimezama humo ndani, samaki wanaingia kitufe hadi kitufe, kila mmoja anatoa sauti yake. Wilma ndiye aliyeniamsha, anasema anafunga. Burl kaondoka zamani.

Jumanne, 20 Mei

Jana Burl alikwenda kuuliza. Bado. Leo asubuhi alikwenda kuuliza. Bado. Leo mchana amekwenda kununua minyoo. Minyoo! Mtu ambaye ukipiga jembe uani kwake wanatoka kama tambi!

Nimempungia mkono kutoka barazani kumtaka habari. Amenipungia kwa mkono wa kuaga.

Nikaenda juu bondeni kukiona kinanda, nipate faraja. Mlango uko wazi. Ukuta mtupu, na pale kilipokuwa kimesimama sakafu ni nyeupe kuliko kwingine. Mchungaji mzee alikuwa anaondoa mapazia. Akasema jana wamekuja watu wa shule moja na lori, wamekibeba.

Nikamuuliza, kwa sauti nadhani ya utulivu, wamelipa kiasi gani.

Akashangaa. Akasema hawakulipa. Wametangaza tangu Pasaka kwamba kinatolewa bure kwa yeyote mwenye gari la kukibebea. Waliomba, walibembeleza, hakutokea mtu. Nikamwonyesha kibao. Bado kipo, kinaning'inia: 412. Nikamwambia bei hii hapa.

Mchungaji akaweka pazia chini, akakitazama. "Hiyo si bei, mwanangu," akasema. "Hiyo ni namba ya wimbo. Ndio tulioimba mara ya mwisho, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuibandua."

Nilikaa kwenye ngazi za nje. Pikapu yangu ilikuwa mbele yangu, nyuma tupu, safi, inatosha kinanda na nafasi ya kubaki. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi za makaburini, zinainama zote kwa pamoja na kuinuka kwa pamoja. Sikumbuki nimekaa muda gani. Nilipofika nyumbani Oleta alinivutia kiti. Alinikatia pai ya tufaha, kipande cha mtu mgonjwa.

Alhamisi, 22 Mei

Rekodi za Burl zimerudi. Safi kama maji ya kisima. Amekubaliwa. Nikasema haidhuru, kinanda kimekwenda lakini angalau fedha zinakuja. Mwenye fedha hakosi ndoto nyingine.

Nimevuka. Nimemkuta Burl yuko upande wa ndani wa kaunta. Upande wa ndani! Anakunywa kahawa kwenye kikombe chenye ufa, kikombe cha nyumbani, si kile cha wateja. Akanambia haitaki tena bunduki.

Nikauliza kwa nini. Akasema Wilma hapendi mtu apige marisau karibu na kabichi zake.

"Kabichi za nani?" nikauliza.

Wilma alikuwa anafuta kaunta mahali palipokwisha kung'aa. Burl masikio yamekuwa mekundu. "Amechukua wavu," akasema Wilma bila kuinua macho. "Sungura hawapigwi, wanazuiwa."

Sawa. Mapenzi ni mapenzi. Nikasema nipeni bunduki yangu niondoke zangu.

Wilma akaweka fomu mbele yangu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema bunduki imeingia kwenye daftari lake, na ikishaingia haitoki kwa mtu yeyote bila fomu na uchunguzi, awe aliileta yeye, awe alizaliwa nayo mkononi. Bunduki yangu mwenyewe! Ya baba wa mke wangu! Akasema ndiyo, hiyo hiyo.

Nikamwambia vizuri, fomu hii naijua kuliko aliyeitunga. Nikajaza kwa mbwembwe, kalamu inacheza. Akaisoma. "Estil, palipoulizwa wilaya umeandika Marekani." Akanipa nyingine. Nikajaza. Akaisoma, akanitazama kuanzia juu hadi kwenye mkanda. "Na huu uzito ni wa nani?" Akanipa ya tatu. Hii akaipokea. Akapiga simu, akasikiliza, akaitikia, akakata.

"Wamesema subiri."

Burl alicheka mpaka akashika tangi la samaki asianguke, maji yakamwagika, samaki mmoja akaishia kwenye kiatu changu. Nikasema kwa heshima yote kwamba nitakuja kesho kuuliza.

"Usije," akasema Wilma, anamwokota yule samaki. "Nitakupigia, shemeji."

Shemeji! Nilikuwa nimeshafika katikati ya daraja ndipo nikalisikia vizuri. Nikasimamisha gari. Chini mto unapita, mvua ya jana imeuongezea maji, haujui kama uko huku au kule. Nyuma yangu lori likapiga honi. Sijui nilikuwa natabasamu nini. Sina kinanda, sina fedha, sina bunduki.

Jumatano, 28 Mei

Wilma alipiga. Nikaenda, nikapewa. Oleta ameifungia kabatini na ufunguo kauficha. Nimeacha kuutafuta kwa sababu leo kuna jambo kubwa.

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la bidhaa. Bunduki ni kitu kizito, kisicho na akili, lazima kibebwe, na kinachobebwa kinaulizwa. Mfanyabiashara mwerevu anauza kitu kinachojipeleka.

Na tazama! Asubuhi hii, nikiwa na kahawa yangu, hewa ikaanza kuvuma. Wingu dogo la dhahabu likashuka juu ya nguzo ya baraza, likajikusanya, likaning'inia kama ndevu za nabii. Nyuki! Maelfu kwa maelfu, wamekuja kwangu bila kuitwa. Nimewatazama mpaka kahawa ikapoa. Ile sauti yao inaingia mtu kifuani na kulala humo.

Nikampigia Wilma. Asali ataitaka? Ataitaka. Na mzinga mzima? Burl ataupenda. Basi mpango ni huu: nitaweka malkia kwenye kisanduku cha kiberiti, nivuke naye daraja mfukoni. Mdudu mmoja! Wengine watafuata kwa hiari yao, angani, kwa gharama zao.

Oleta anasema nyuki nao kuvuka jimbo wana karatasi zao, cheti cha ukaguzi, mtu wa kilimo, mihuri. Anasema niulize kwanza. Nilicheka hadi nikakohoa. Nyuki atakaguliwaje? Atasimama wapi? Nani atamshika mabawa? Mwanamke huyu anapenda kunikatisha tamaa, lakini namsamehe, ni mimi tu ninayeona mbali.

Naandika kwa jicho moja. La pili limevimba, nilipokuwa namtafuta malkia. Mdomo pia, na sikio moja. Haidhuru. Nimekaa barazani, jua linapendeza, ulimwengu wote una ukungu laini pembeni. Mmoja wao ameondoka sasa hivi mbele yangu, amevuka mto, amekaa huko anakokujua mwenyewe, amerudi.

Hakuna aliyemuuliza hata jina.